Chombo Chako Kinasema Nini Juu Yako?

(Mawaidha kwa vijana baada ya swala ya tarawehe)

  



Leo sitazungumzia yanayobatilisha swaumu. Hayo tumeyasikia tangu mwezi uandame, na Insha Allah tutayasikia tena. Leo nataka tuzungumze kuhusu nyundo. Naam, nyundo! Na cherehani, na kisu, na mizani, na pikipiki, na sufuria ya futari. Watu wazima husema ukitaka kumjua fundi angalia vyombo vyake. Je, ni kweli? Mtu aweza kujulikana tabia yake kwa namna anavyovitunza vyombo vyake vya kazi? Na kama ni kweli, basi chombo chako wewe, hapo ulipokiacha jioni hii, kinasema nini juu yako?

MTU HUJULIKANA WAPI?

Imepokewa kwamba mtu mmoja alifika mbele ya Sayyidna Umar bin Khattab (R.A) kutoa ushahidi. Umar akamwambia kuwa hamjui, basi alete mtu anayemjua. Akasimama mtu mwengine akasema yeye anamjua, ni mtu mwadilifu. Umar hakuridhika kwa neno hilo. Alimuuliza kama ni jirani yake wa karibu, anayejua usiku wake na mchana wake. Akajibu la. Akamuuliza kama amewahi kufanya naye biashara ya dinari na dirhamu. Akajibu la. Akamuuliza kama amewahi kusafiri naye, kwa kuwa safari hufichua tabia za watu. Akajibu la. Umar akamwambia kuwa basi hamjui mtu huyo.

Hebu tuangalie maswali hayo. Umar hakuuliza mtu yule ana kanzu nyeupe kiasi gani, wala kama sauti yake ni nzuri akisoma. Aliuliza kuhusu mahali ambapo mtu huwa amejisahau: nyumbani kwake, kwenye pesa na safarini. Mahali hapo hakuna anayekaa muda mrefu akijipamba.

Kutunza chombo ni mahali kama hapo. Fundi akimaliza kushona saa mbili usiku, mteja kashakwenda zake, duka limefungwa nusu mlango, hakuna wa kumwona akichukua brashi na kutoa vumbi la uzi chini ya sindano. Hakuna wa kumpa shukrani. Akifanya, amefanya kwa sababu ndivyo alivyo. Asipofanya, vilevile.

Lakini naomba tusifahamiane vibaya. Sisemi kuwa mtu mwema ni yule ambaye meza yake imepangwa vizuri na mwovu ni yule mwenye vumbi. Hilo lingekuwa jambo jepesi, na lingetupotosha. Ninalotaka tulishike leo ni hili moja: kila chombo kina pande mbili. Upande mmoja kuna mkono wako. Upande wa pili kuna kiumbe mwengine, mtu au mnyama, ambaye haki yake inapita katika chombo hicho. Ukikitunza, unamtunza yule aliye upande wa pili, hata kama humjui jina. Ukikipuuza, yeye ndiye atakayeumia kabla yako.

HEBU TUTEMBEE KWA MAFUNDI

Nenda kwa fundi cherehani mzuri mwezi huu, wakati kanzu za Idd zimejaa mpaka chini ya meza. Mtazame anavyotia mafuta mashine yake. Akishatia, hachukui kanzu ya mtu moja kwa moja. Huchukua kwanza kipande cha kitambaa kibovu, akapitisha mishono kadhaa, mpaka mafuta yaliyozidi yanywewe na kile kitambaa. Halafu ndipo anaweka kanzu nyeupe. Yule asiyejali hutia mafuta na kuendelea, nawe siku ya Idd asubuhi unakuta doa la manjano kifuani. Na sindano iliyo butu je? Haichomi kitambaa vizuri, huvuta nyuzi, na mshono huonekana umekunjamana. Sindano mpya ni pesa kidogo sana. Kwa nini basi hakuibadilisha? Kwa sababu kanzu si yake.

Nenda kwa seremala. Angalia anavyoweka randa. Fundi aliyelelewa na fundi huilaza randa ubavu, ili ule ubapa wake usigonge meza ukapoteza makali. Angalia patasi zake na tindo. Tindo ikigongwa na nyundo kwa muda mrefu, kichwa chake hutanuka na kupasuka kandokando kama uyoga. Mafundi wa chuma wa Kamukunji pale Nairobi wanajua vyema: kipande kidogo kikiruka kutoka hapo kinaweza kumwingia mtu jichoni. Fundi mwenye akili hukisaga kichwa hicho kikawa laini tena. Na mpini wa nyundo ukilegea, hupigilia kabari, hangojei mpaka kichwa cha nyundo kimfikie kijana anayejifunza kazi upande wa pili wa meza.

Nenda kwa kinyozi. Watoto wetu wote watapangwa mstari kwake siku mbili kabla ya Idd. Mashine moja, vichwa arubaini. Je, anaisafisha kwa spiriti baina ya kichwa na kichwa, au anapuliza tu kwa mdomo? Mmoja akiwa na choa, arubaini watarudi nayo nyumbani. Na wembe je, ni mpya kwa kila mtu? Magonjwa ya damu hayamjui nani amefunga na nani hakufunga.

Nenda kwa wavuvi, Lamu au Vanga au popote pwani hii. Aliye makini akirudi baharini hata kama amechoka, huosha mashine ya boti kwa maji baridi ili chumvi isiile. Nyavu huoshwa, huanikwa kivulini, na matundu huzibwa kabla ya safari ya pili. Chombo cha mbao hupandishwa pwani kwa wakati wake, mbao zikatiwa kalafati kwa pamba, na chini kikapakwa deheni. Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Baharini, usipoziba ufa hupati hata nafasi ya kujenga huo ukuta, na walioko chomboni ni watoto wa watu.

Umeona, ndugu yangu? Kote huko hatukuwa tunazungumza juu ya vyuma. Tulikuwa tunazungumza juu ya mvaa kanzu, mwanafunzi wa ufundi, mtoto anayenyolewa na baharia.

DINI YETU IMEFIKA MPAKA KWENYE KISU

Huenda kijana mmoja akasema: ustadh, haya ni mambo ya ufundi tu, dini iko wapi hapa? Dini iko kwenye kisu.

Katika Sahih Muslim imo hadithi iliyopokewa na Shaddad bin Aws (R.A). Maana yake kwa ufupi ni kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha wema na ukamilifu katika kila kitu, hata katika kuchinja, na kwamba mwenye kuchinja anoe kisu chake na asimtese mnyama wake. Fikirini! Ihsani, neno kubwa namna hiyo, neno tunalolitumia kwa ibada ya juu kabisa, Mtume (S.A.W) alipolitolea mfano alitaja makali ya kisu. Na kwa nini kinolewe? Kwa sababu upande wa pili wa kisu yuko kiumbe asiyeweza kusema kuwa kisu hiki ni butu.

Zaidi ya hapo, imepokewa kuwa alimkemea mtu aliyekuwa akinoa kisu huku mnyama amekwisha lazwa chini anamtazama, kwani huko ni kumuua mara mbili. Maana yake chombo hutengenezwa kabla ya kazi. Kijana anayeanza kutafuta jeki baada ya gurudumu kupasuka njiani na abiria wake wamesimama juani, hadithi hii inamhusu.

Kisha kuna kisa cha ngamia, ambacho Abu Dawud amekipokea. Mtume (S.A.W) aliingia katika bustani ya mtu wa Ansar, akamkuta ngamia. Yule ngamia alipomwona alitoa sauti ya huzuni na machozi yakamtoka. Mtume akampangusa mpaka akatulia, kisha akauliza ngamia huyu ni wa nani. Aliyejitokeza alikuwa kijana. Mtume akamwonya amche Mwenyezi Mungu kwa mnyama huyo aliyemilikishwa, kwa sababu amemshitakia kuwa anamtia njaa na kumchosha kwa kazi.

Mnyama si chombo cha chuma, ana roho, na haki yake ni kubwa zaidi. Lakini ngamia yule ndiye aliyekuwa akimfanyia kazi kijana yule. Na kosa la kijana halikuwa kwamba alimtumia. Kosa lake ni kuwa alichukua kutoka kwake bila kumrudishia. Sasa wewe mwenye pikipiki unayeitoa asubuhi mpaka usiku, huibadilishi oili, mnyororo unalia, breki unazisikia zinakwaruza: ingekuwa na ulimi, ingesema nini? Yenyewe haina machozi. Lakini mama uliyempakia nyuma na mtoto mgongoni, yeye anayo.

MIZANI YENYE MAFUTA

Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi. Katika karne ya 12, huko Sham, aliishi mwanachuoni aitwaye Abdulrahman bin Nasr al-Shayzari. Aliandika kitabu cha kuwaongoza wakaguzi wa soko, wale walioitwa muhtasib, ambao kazi yao ilikuwa kuhakikisha watu hawadhulumiwi sokoni. Miongoni mwa aliyoyataja ni kuwa muuzaji aifute mizani yake kila mara kutokana na mafuta na uchafu, kwa kuwa tone la mafuta likiganda hapo laweza kuonekana katika uzani.

Tone la mafuta! Wengi wetu tukisikia mtu anapunja vipimo, tunamfikiria mwizi aliyekaa akapanga hila: amefunga sumaku chini, au amechimba jiwe la uzani likawa jepesi. Al-Shayzari anatuonyesha mwizi wa aina nyengine, ambaye hakukusudia kuiba. Hakufuta tu.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme una duka, na sahani yako ya mizani ina ugandi wa mafuta na unga wa zamani, gramu 20 tu. Kila kilo unayompimia mtu inapungua gramu 20. Mwezi wa Ramadhan watu wananunua sana: sukari, unga, tende. Tuseme unapima kilo 50 kwa siku. Gramu 20 mara 50 ni kilo 1 nzima. Kwa siku 30 ni kilo 30. Kilo 30 za mali ya watu zimebaki dukani kwako, na wewe umefunga, umeswali tarawehe zote, hujakosa hata rakaa.

Sasa unataka kutubia. Haki ya mtu hutubiwa kwa kurudishiwa mwenyewe. Utamrudishia nani? Yule mtoto aliyetumwa sukari robo jioni ya tarehe nne, humjui. Yule bibi aliyenunua unga nusu kilo, huenda keshakufa. Ndiyo maana nasema kitambaa cha kufutia mizani ni kitu cha bei rahisi sana duniani na huenda kikawa cha thamani sana akhera.

Hapa Kenya sheria inataka mizani za biashara zikaguliwe na kupigwa mhuri kila mwaka na maafisa wa vipimo. Ni jambo jema, tuliheshimu. Lakini mhuri ni wa siku moja, na mwaka una siku nyingi. Siku zilizobaki umeachiwa wewe na Mola wako.

CHA JIRANI NA CHA MSIKITI

Tunaisoma sana Suratul Maun katika swala kwa kuwa ni fupi. Mwisho wake wanakemewa watu wanaozuia maun. Abdullah bin Masud (R.A) amepokewa akieleza kuwa zama za Mtume (S.A.W) wao wakihesabu maun kuwa ni kuazimana vitu kama ndoo na chungu. Yaani sufuria ya jirani imo ndani ya sura ya Qur'an!

Basi mtu wa kuazimisha ana jukumu lake, asizuie. Na mwenye kuazima je? Hapa ndipo tabia ya mtu huonekana waziwazi. Chombo chako mwenyewe unaweza kukitunza kwa ubahili tu, kwa kuogopa kununua kingine. Lakini cha kuazima, faida yake si yako. Ukikitunza, hapo hakuna sababu nyengine isipokuwa utu na kumwogopa Mungu.

Nyinyi akina mama mnajua zaidi. Sufuria imetoka kwako inang'aa, imerudi baada ya wiki tatu, nyeusi, imepigwa tumbo, kifuniko hakipo. Ukiuliza unaambiwa, "Aa, mbona ilikuwa hivyo hivyo." Na wengine, Masha Allah, huirudisha imesuguliwa kwa majivu na ndani mmewekwa sahani ya kaimati. Watu wawili hawa, kesho wakija kuazima tena, utampa nani?

Kuna vyombo vyengine ambavyo mwenyewe haonekani kabisa: vyombo vya msikiti na vya madrasa. Masufuria makubwa ya futari, majamvi, mifereji ya kutawadhia, kipaza sauti, vitabu. Hivi ni wakfu. Mtu aliyetoa wakfu huenda yuko kaburini, na ujira unaendelea kumfikia maadamu chombo kinatumika. Ukiuacha mfereji unavuja, unapoteza maji ya watu. Ukiikwangua sufuria ya wakfu kwa chuma mpaka ikatoboka, umeikata sadaka ya maiti asiyeweza kuja kukugombeza. Vijana wa chama chetu, mwezi huu mtapakua futari kila jioni. Kila mtu hupenda kupakua, kwa kuwa watu wanaona. Nani anabaki kuosha?

USIWE MWEPESI WA KUHUKUMU

Baada ya kusema hayo, naogopa kesho msije mkatembea mitaani mkikagua vitu vya watu na kutoa hukumu. Mwenyezi Mungu ametukataza dhana nyingi na upelelezi. Kwa hivyo kuna mambo manne ya kuzingatia.

Kwanza, uchakavu si uzembe. Mzee mmoja aweza kuwa na panga limekuwa jembamba kama ulimi, kwa kunolewa miaka 20. Mpini umefungwa kwa waya. Ukiliona utasema ni takataka. Lishike uone makali yake! Kijana mwengine ana panga jipya lenye kibandiko, limeshapata kutu kwa kuachwa nje usiku na umande wa bahari. La zamani ni lipi hapo, na lililotupwa ni lipi?

Pili, kung'aa si kutunzwa. Hili matatu zetu zimetufundisha. Nje michoro, taa za rangi, muziki unaotikisa vioo. Chini magurudumu yamekuwa laini kama kipara. Mtakumbuka Februari 2004, zile kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mikanda ya usalama kwa kila abiria. Gari nyingi zilikaa nje ya barabara mpaka zitengenezwe. Lakini baada ya muda, kila msafiri aliona mikanda ile ilivyokuwa: michafu, imekatika, mengine haina pa kufungia. Polisi akionekana mbele, utingo anapiga kelele, "Fungeni mikanda!" Tukishapita, tunaifungua. Mkanda ule ulifungwa kwa ajili ya nani? Hiyo ndiyo riya katika vyombo. Kitu kimewekwa kionekane, hakikuwekwa kimlinde mtu.

Tatu, mtazame mwenye uwezo. Kijana wa boda boda mara nyingi pikipiki si yake. Kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri. Akimwambia tajiri gurudumu limekwisha, anaambiwa, "Wewe endesha tu, tutaona mwisho wa mwezi." Sasa ukiliona gurudumu lile ukamhukumu kijana, umemkosea. Tabia iliyoandikwa pale ni ya mtu mwengine, ambaye pengine wakati huu amekaa barazani na tasbihi mkononi. Na sisi abiria nasi tusijitoe. Tunapobishana tupunguziwe shilingi 10 huku tunaiona hali ya chombo, kisha tukapanda, tumekuwa washirika.

Lakini kijana naye asijifiche nyuma ya tajiri kwa kila kitu. Gurudumu ni la tajiri kununua, ndiyo. Kukaza mnyororo, kuangalia upepo wa gurudumu, kujaribu breki kabla ya kupakia mtu: hayo hayahitaji ruhusa ya tajiri.

Nne, mtu hutunza anachokiheshimu, basi uliza anaheshimu nini. Kuna kijana gari lake analiosha mara mbili kwa siku, lakini nyumbani mbuzi ya kukunia nazi imelegea mguu, meno yamekwisha, mamake anakuna nazi tatu kila jioni ya Ramadhan mpaka bega linamuuma. Dakika kumi na tupa zingetosha kuyanoa meno yale. Bibi Aisha (R.A) ametueleza kuwa Mtume (S.A.W) akiwa nyumbani alikuwa akiwasaidia watu wake, akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Basi wazazi mkijiwa na posa, msiangalie gari la kijana peke yake. Ulizeni hali ya jiko la mamake!

TUANZE WAPI?

Ndugu zangu, kipimo hiki tulichokizungumza leo, mtu wa kwanza wa kupimwa nacho ni wewe mwenyewe. Nakupa kazi tatu, ukimaliza kusoma ukurasa huu.

Kwanza, chagua chombo kimoja unachokitumia kila siku, kile kinachokupa riziki au kinachowalisha watu wako. Kaa nacho robo saa. Kisafishe, kikaze, kinoe, kitie mafuta. Halafu jiulize: ni nani aliye upande wa pili wa chombo hiki? Mtaje kwa jina kama unamjua.

Pili, tafuta nyumbani kwako kila kitu ambacho si chako. Tupa ya fulani, ngazi ya fulani, kitabu cha madrasa, sufuria ya shughuli ya mwaka jana. Virudishe kabla ya Idd, vikiwa safi kuliko vilivyokuja. Kilichoharibika, nenda kamwambie mwenyewe wazi, umlipe au akusamehe. Ni aibu ya dakika mbili.

Tatu, wewe mwenye kumiliki chombo kinachoendeshwa na mwengine, iwe ni matatu, pikipiki, gari la madrasa au mashine ya kusaga, usingoje uambiwe. Nenda ukakiangalie mwenyewe kesho asubuhi. Ukiona hungempakia mwanao humo, basi usimpakie wa mwenzio.

Na kabla sijamaliza, kuna jambo katika Qur'an ambalo hunishangaza kila nikilisoma. Sura ya 83, Al-Mutaffifin, inaanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, wanaojipimia kamili na kuwapimia wenzao pungufu. Kisha katika sura hiyo hiyo, aya ya 14, inatajwa kutu iliyofunika nyoyo kwa yale waliyokuwa wakiyachuma. Mizani mwanzoni, kutu ya moyo baadaye. Haikuja ghafla kutu hiyo. Imejengeka kidogo kidogo, kama ugandi wa mafuta kwenye sahani ya mizani, gramu moja juu ya gramu nyengine, na mwenyewe hana habari kwa kuwa kila siku alikuwa akipima tu na hakufuta.

Mwezi huu tumepewa wa kufutia. Swaumu inafuta, Qur'an inafuta, istighfari inafuta, sadaka inafuta. Lakini usisahau kwamba moyo nao una upande wa pili. Wako watu wanaosubiri huko kuona kama umefutika: mke wako, mzazi wako, mteja wako, abiria wako. Wao hawatauona moyo wako. Watakachokiona ni chombo chako.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.T) atukubalie swaumu zetu na visimamo vyetu, atuepushe na haki za watu tusizozijua na tulizozisahau, awarehemu waliotuwekea wakfu na waliotufundisha kazi za mikono, na atujaalie kuwa watu ambao viumbe wenziwe wamesalimika na ndimi zao, mikono yao, na vyombo vilivyomo mikononi mwao. Amin.